Rangi ya Mwenye Gari

Ukiuliza Bugembe, pembeni mwa Jinja, leo habari za Afande, wataanza na maziwa. Watakuambia kwamba kila akimaliza kupuliza gari rangi alikunywa kikombe kizima, kwa imani kuwa maziwa yanashuka kifuani, yanaikusanya rangi na kuondoka nayo. Hakuna daktari aliyemwambia hivyo. Alipotoa kitambaa usoni, tulijua gari la siku hiyo ni la rangi gani bila kuchungulia bandani, maana alipiga chafya ya buluu au ya kijivu, kisha akaapa kwamba kifua chake ni kisafi kuliko chetu. Nilimshauri mara nyingi atafute barakoa ya kazi ile. Alinijibu kwamba barakoa ni ya watu waoga, halafu akavuka barabara kwenda kununua maziwa.

Mimi nilikuwa fundi wa bodi katika gereji ileile, kando ya barabara kuu ya Iganga. Kazi hiyo lazima niieleze, kwa kuwa watu hawaijui, na hilo ndilo lalamiko langu. Gari likigongwa, mimi ndiye ninayelinyoosha. Ninalala chini yake, ninapiga nyundo, ninachomelea, ninajaza mashimo kwa pati, ninasugua msasa mpaka vidole vinafutika alama. Kisha anaingia Afande na bunduki yake ya rangi, anapuliza asubuhi moja, na mwenye gari akija kulichukua anamkumbatia yeye. "Afande, wewe ni mutu ya ajabu!" Na mimi nimesimama palepale na nyundo mkononi. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikumbuki hata mtu mmoja aliyeusifu mlango kwa kunyooka.

Naye hakunisaidia. Wengi hupenda kuwasifu mafundi kwa unyenyekevu. Huyu hakuwa nao hata wa kuazima. "Huyu napiga kelele, mimi nafunika," aliwaambia wateja, akinionyesha kwa kidevu. Kabla ya kupuliza alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya bati polepole, kisha akasimama. "Hapa iko bonde." Nilipitisha mkono wangu, sikuona bonde. Nilipitisha tena, nikaliona, na chuki ikaongezeka.

Jina lake tulilijua lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa askari katika ile miaka ya sabini, ya utawala wa jeshi, ambayo watu wa Jinja, wakisikia Kiswahili, lugha ya wanajeshi, nje ya mlango, walizima taa. Jeshi lile likaisha. Yeye akabaki na mwendo wake na Kiswahili chake cha kambini, na sisi tukabaki na neno Afande. Kwetu sisi Waislamu wa mjini, Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya dukani, kwa hiyo sauti yake haikunitisha. Lakini nimewaona wateja wazima, wenye vitambi vyao, wakisimama wima kwa kusikia tu akisema "Ngoja!" kutoka ndani ya banda. Hakuna aliyemuuliza jeshini alifanya nini. Mji mzima ulikuwa umekubaliana bila kikao: yeye asiseme, sisi tusiulize, magari yang'ae.

Bunduki aliyobaki nayo ilikuwa hiyo ya rangi, na aliitunza kama alivyofundishwa kuitunza ile nyingine. Kila jioni aliifungua kipande kwa kipande, akavipanga juu ya kitambaa, akaviosha kwa tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, akavifuta, akavirudisha. Kampresa, ile mashine ya hewa, aliiamrisha. Asubuhi alilegeza koki iliyo chini ya tangi ili maji yatoke, kwa kuwa hewa ikibeba maji rangi hutoka na malengelenge, na maji yalipochuruzika alisema, "Eeh, umelala vibaya wewe." Alinyunyiza sakafu ya banda kama mama anavyonyunyiza ua kabla ya kufagia, ili vumbi la malori ya miwa lilale. Aliwachukia wadudu wadogo wanaotoka ziwani kama wingu na kujibandika kwenye rangi mbichi. Zaidi ya wadudu aliuchukia umeme. Tuliishi jirani na bwawa linalowasha nchi nzima, na bado stima ilikatika gari likiwa limepakwa nusu. Hapo alisimama na bunduki yake hewani, akageuka kuliangalia bwawa upande wa mtoni, kama mkubwa anayemsubiri kuruta aliyechelewa paredi.

Lakini adui mkuu alikuwa mafuta. Tone dogo la mafuta likigusa bati, hata ya kujipaka mwilini, rangi hulikimbia. Unapuliza, inalala vizuri, unashukuru, halafu inaanza kufunguka vitundu vya mviringo, bati linakukodolea. Mafundi huviita macho ya samaki. Afande aliyaogopa macho hayo kuliko kitu chochote duniani. Haji, mwenye gereji, mtu aliyetulipa sote na aliyekuwa amehiji, alifukuzwa bandani mwake mwenyewe kwa sababu ya sambusa.

"Toa mukono, Haji!"

"Nimenawa."

"Na maji? Mafuta nacheka maji. Kwenda nawa na sabuni ya unga."

Na Haji akaenda. Nilifurahi sana siku hiyo, maana ilionyesha kwamba si mimi peke yangu niliyekuwa ninaonewa.

Sasa nije kwenye ukaidi wake uliotutia njaa. Afande hakukubali kubadilisha rangi ya gari. Likiwa jekundu, atalipaka jekundu, tena jekundu lilelile, na alikuwa na jicho ambalo sijaliona kwa mwingine. Alichanganya makopo, akapuliza kidogo kwenye kipande cha bati, akasubiri kikauke, akakiweka juu ya gari na usijue kipande kinaishia wapi. Lakini mwambie jekundu liwe jeupe, utaondoka na gari lako.

"Nimechoka na hii rangi, Afande," mteja mmoja alimsihi.

"Basi nunua gari ingine."

"Lakini ni gari langu!"

"Iko wapi kadi ya gari? Wewe nauza ama nanunua? Nani alikuwa nayo kwanza?"

Kwanza alikwangua pahali padogo kwenye bawaba ya mlango, penye ukubwa wa sarafu, akasoma rangi zilizolaliana pale kama Haji anavyosoma msahafu. Hii ilikuwa nyeupe, ikawa njano, ikarudi nyeupe. Alitaka kujua kila tabaka liliwekwa na nani na kwa ruhusa ya nani. Tulipomwambia hiyo ni kazi ya polisi, alijibu neno lake lilelile: "Uliza mwenye gari." Kila swali la rangi alilijibu hivyo. Iwe nyepesi au nzito? Uliza mwenye gari. Ing'ae au isizidi? Uliza mwenye gari. Vijana wa gereji wakaligeuza utani, ukiwauliza saa wanakuambia umuulize mwenye gari.

Siku moja ililetwa pikapu nyeupe. Akakwangua bawaba, na chini ya nyeupe akakuta kijani, kile kijani cha magari ya jeshi. Akaweka msasa chini. Hakunywa hata maziwa. Alitembea kwenda kwake, na kesho yake alirudi akafanya kazi nyingine zote, ile pikapu asiiguse, mpaka Haji akaipeleka kwa fundi wa mjini. Tulidhani ni mambo ya kwao kaskazini, mizimu ya kijani. Watu wa kaskazini tuliwapa mizimu ya kila aina, ilitupunguzia kazi ya kuwauliza.

Mengine nayaeleza tu, sijui nifanye nayo nini. Hakupanda gari. Kutoka Bugembe mpaka katikati ya Jinja alitembea, mvua au jua, na ukisimamisha gari ulilompa alipake mwenyewe, ukamwita apande, alisema, "Hapana, bwana, hiyo ya watu," akaendelea. Nyumba yake ilikuwa matofali matupu. Mganga hajigangi, tunajua, lakini huyu hata mlango wake ulikuwa wa mbao kavu, haujaonja brashi. Jumapili alikaa benchi la nyuma kabisa katika kanisa dogo la askari wa magereza, na alitoka kabla ya watu kupeana mikono. Nilidhani anaogopa mafuta.

Basi, Pasita. Huyu alikuwa mchungaji wa kanisa jipya la pale Bugembe, kijana mwenye sauti nzuri na suti ya kahawia, mwema kwa watu, sina neno naye. Kanisa lake lilipata basi dogo la buluu, na Pasita alilitaka liwe jeupe kabla ya mkutano wao mkubwa wa injili. Afande akamwambia buluu ni nzuri. Pasita akasema nyeupe ndiyo rangi ya utakaso. Afande akaomba kadi, akaiona, ikawa halali, akawa amekosa pa kujishika.

"Mwenye gari nasema nini?" aliuliza hata hivyo.

"Mwenye gari ni Bwana," Pasita alijibu, akaonyesha juu.

Afande alitazama juu kwa muda. "Yeye hajaniambia kitu," alisema.

Haji ndiye aliyemaliza ubishi. Kazi zilikuwa chache mwezi ule. Alimwambia alipake basi jeupe, la sivyo akanywe maziwa yake kwenye gereji nyingine. Afande akasema sawa. Alilisema neno hilo kama mtu anayemeza dawa, nami nilicheka, maana hatimaye amepatikana wa kumwamuru.

Ilikuwa Ijumaa. Asubuhi alilifuta basi lote kwa tina, akarudia, likawa kavu na safi mpaka nikaona aibu kulisogelea. Kabla ya kuanza alisema anakwenda kunywa maziwa. Hakuwahi kunywa kabla ya kazi. Mimi na Haji tulikwenda msikitini.

Banda likabaki peke yake, na Pasita akaja na kina mama wa maombi. Walikuwa na chupa ya mafuta ya zeituni iliyoombewa. Wakalipaka basi mafuta, milangoni, juu ya boneti, na ubavuni, wakaliwekea mikono. Na kwa kuwa ni watu nadhifu, hawakutaka mafuta yachuruzike. Wakatwaa kitambaa wakayasambaza vizuri, bati zima likapata haki yake. Kisha wakatoka, wakaketi kwa muuza chai kusubiri muujiza wa rangi nyeupe.

Tuliporudi, Afande alikuwa amefunga kitambaa usoni na kampresa inanguruma. Alipuliza mkono wa kwanza wa rangi. Ulilala kama shuka. Pasita na wenzake wakasogea mlangoni, wapita njia nao wakasimama, na hapo ndipo rangi ilipoanza kufunguka. Kwanza boneti, halafu ubavu, halafu kila mahali, macho ya buluu yakitutazama kutoka kwenye weupe. Sijawahi kuona macho mengi vile. Kampresa ikazimwa.

Mama mmoja akaanza kuomba kwa sauti. Pasita aliligusa basi, akageuka kwa watu, na sidhani alikuwa na ubaya moyoni, alikuwa ameogopa.

"Hii gari tuliipaka mafuta ya maombi saa sita," alisema. "Imetengwa kwa Mungu. Sasa ona, inakataa mukono ya huyu mutu."

Nilipata nguvu. "Pasita! Ni hayo mafuta!"

"Amina," wakaitikia kina mama.

"Sikiliza, mafuta yoyote, hata ya kupikia—"

"Amina!"

Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyoitikia. Nikamgeukia Afande. Huyu ndiye aliyemfukuza Haji kwa sambusa. Nilingoja alipuke, nilitamani kwa mara ya kwanza kuisikia ile sauti ya kambini. Akapitisha kidole kwenye boneti, akakileta puani, akanusa. Niliona kwa macho yangu. Kisha akakaa juu ya kopo, akaanza kuifungua bunduki yake, kipande kwa kipande, akivipanga juu ya kitambaa.

Mtu aliyekuwa nyuma ya umati akauliza lile ambalo mji mzima ulikuwa umelimeza. "Afande, uliua watu wangapi?"

Nilimwogopea, nakiri, kwa sababu nilijua kwamba jibu lolote litakalotoka, hatakaa tena Bugembe.

"Mimi nilikuwa wa gereji ya kambi," alisema, akifuta kipande alichoshika. "Sikupiga mutu. Watu walichukuliwa, gari ikabaki. Waliniletea gari. Mimi nilipaka kijani." Alikiweka kipande, akachukua kingine. "Moja ilitoka Mbale. Krimu. Mulangoni iliandikwa jina ya shule. Ndani iko kiatu ya mutoto. Nilisugua ile jina na msasa mupaka ikaisha. Nikapaka vizuri sana." Hapo akaliangalia basi la Pasita. "Zile zote, hapana hata moja ilinikataa. Hii ndiyo ya kwanza."

Watu walikuwa wamekuja kusikia damu, wakapewa rangi. Niliona nyuso zikipungua hamu. "Rangi tu?" mmoja alinong'ona. Hata Pasita alionekana kama mtu aliyejiandaa kwa pepo mkubwa akatokewa na mdogo. Lakini muuza chai, ambaye kaka yake aliondoka na gari lake miaka ile na hakurudi, aliweka birika chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Hatukupata chai mpaka wiki iliyofuata.

Kesho yake asubuhi Afande hakuwepo. Kampresa ilikuwa ya Haji, iliachwa pale, maji yake yameshatolewa. Bunduki alikwenda nayo. Haji akamleta fundi mwingine, tukaliosha basi kwa sabuni na tina, likapakwa, likawa jeupe bila doa, na kwenye mkutano Pasita alishuhudia kwamba mwenye dhambi alipoondoka tu, gari lilikubali. Sikwenda kubisha. Nilikuwa nimechoka na amina.

Nilimwona mara moja tena, miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikwenda Mbale kutafuta milango ya gari lililobomolewa, na muuzaji alikaa mtaa wa Nkoma, kwenye zile nyumba za watu wa mshahara. Nilishuka kwenye boda boda, nikaona geti la chuma lenye rangi ya krimu, na mzee ameketi mbele yake juu ya kopo, analikwangua kwa msasa. Kando yake ilikuwapo kampresa ndogo. Rangi ile ilikuwa nzuri. Sikuona sababu ya kuikwangua.

"Afande."

"Wewe wa nyundo," alisema, kama tulioachana jana. "Kuja shika hapa. Iko bonde."

Nilishika. Lilikuwepo.

Alikuwa amekonda, na kifua chake kilipiga filimbi, maziwa au bila maziwa. Aliniambia anaishi Nakaloke, nje ya mji, anawapulizia mafundi wa vitanda vya chuma, na siku asizo na kazi anatembea mpaka hapa. Akaongeza kwamba Mbale nzima hakuna mtu anayenyoosha bati kama mimi. Nilingoja sifa hiyo ujana wangu wote, na ilipokuja tulikuwa wawili tu barabarani, hakuna aliyeisikia.

"Ulijua ni mafuta," nikamwambia. "Nilikuona ukinusa."

"Ya zeituni," alisema. "Mafuta muzuri."

"Mbona ulinyamaza? Wangekuachia."

Aliendelea kukwangua. "Wewe ulikaa na mimi miaka mingi. Uliniuliza kitu?"

Akaniambia, kwa maneno yake machache, kwamba alikuja Mbale akaanza na lile jina alilolifuta mlangoni. Walimu wazee wa shule ile wakamwelekeza. Gari lilikuwa la mwalimu wao mkuu, na mke wake alikuwa hai, ndani ya nyumba hii. Alibisha hodi hapa getini, akamweleza gari liliingia kambini likiwa na rangi gani, na nani alilipaka kijani. Yule mama hakuwahi kuambiwa hata hilo. Alimwacha amesimama nje mpaka jua likahama, kisha akatoka na kumwambia apake geti rangi ya lile gari.

Wakati huo huo mlango wa nyumba ukafunguliwa. Akatoka bibi mrefu, amevaa sweta, ana fimbo. Afande akasimama, visigino pamoja. Yule bibi hakunitazama. Aliutazama upande wa geti ambao haujakwanguliwa bado, kwa karibu, halafu kwa mbali.

"Bado," alisema. "Ile ilikuwa na jua kidogo. Toa yote."

"Ndiyo, Mama."

Akarudi ndani. Nilimhurumia Afande, na kusema kweli nilikasirika kwa niaba yake. Mtu aliyeweza kuficha kipande cha bati juu ya gari usikione, leo anashindwa na geti.

"Imekosa nini?" nilimuuliza. "Nyekundu? Njano?"

"Haikosi kitu." Alikuwa amekaa tena, analowesha msasa kwenye ndoo. "Ile ya kwanza kabisa ilikuwa sawa. Nilipopaka, yeye aliiwekea mukono, akalia hapa. Halafu akasema bado. Sasa ni Krismasi ya tatu, yeye nasema bado."

"Yeye anajua kwamba ilikuwa sawa?"

"Yeye najua."

"Na wewe unajua kwamba anajua."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini unakwangua, Afande?"

Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wateja waliotaka rangi isiyo yao.

"Uliza mwenye gari," alisema.

Nilitazama ule mlango uliofungwa, kisha nilivua koti langu, nikaomba nyundo, kwa sababu bonde lilikuwepo kweli.